Bi Pembe, Aliyezima Taa za Chumba cha Wanunuzi

Ndugu wapambanaji, makomredi wa sahani, wa mizani na wa ufagio. Ninyi mliosimama jana na ninyi mtakaoombwa kusimama tena:

Ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkadiriaji mkuu wa ukataji katika karakana yetu ya almasi atavua miwani yake ya kazi, atakunja kitambaa chake cha kijivu na kushuka ngazi akiwa mstaafu. Barua ya uongozi inasema anastaafu kwa sababu ya umri. Umri anao, hatubishi. Lakini umri huenda kwa mwendo wa kobe, na safari hii kuna mtu aliyeusukuma kwa nyuma. Wasifu huu unaandikwa ili na wale wasiokuwapo wamjue aliyesukuma na sababu iliyomfanya asukume.

Sote tunamwita Bi Pembe. Jina hilo alipewa na wakataji wa zamani, kwa kuwa aliweza kulitazama jiwe na kutaja pembe ya kitako chake kabla kipimo hakijatoka mfukoni. Alianzia chumba cha kuoshea mawe, mikono imechubuliwa na asidi, akapanda hadi meza ya uchambuzi, akapelekwa masomoni, akarudi na cheti. Cheti akakitundika ukuta wa msalani, akieleza kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo meneja hutulia akasoma kitu hadi mwisho. Kilikaa hapo miaka saba. Mameneja watatu walikisoma.

Sisi tulioletwa hapa tukiwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, tukabaki kazini, tulimkuta ameshakuwa taasisi. Tulikuja na imani ya watu wengi kwamba almasi hung'aa yenyewe, kama kimulimuli. Imani hiyo aliizika asubuhi ya kwanza. Jiwe, alitufundisha, halina nuru yake hata chembe. Lina kuta tu. Nuru huingia kwa juu, hugonga kuta za chini, na kuta hizo zikisimama inavyopasa, huirudisha juu kwa jicho la mtazamaji. Kuta zikilala mno, nuru huvuja. Zikisimama mno, hutorokea ubavuni na kuacha giza katikati, mfano wa kichwa cha msumari. Rangi na usafi ni bahati ya ardhini. Ukataji ni kazi ya binadamu, na kwa hiyo, alisema, ndilo jambo pekee katika almasi linaloweza kuitwa haki au dhuluma.

Mnunuzi aliyebahatika kupanda kwake alifundishwa kutazama kabla ya kutamani. Jiwe la duara likilinganishwa na upana wake, kina chake kiwe karibu na asilimia sitini au kuzidi kidogo. Uso bapa wa juu uchukue nusu ya upana na ziada ndogo, usiwe uwanja wa mpira. Taji, yaani mteremko wa juu, liwe na nyuzi thelathini na nne au tano. Na kitako, yaani mteremko wa chini, kikaribie nyuzi arobaini na moja. Kisha kiuno, ule ukingo unaoligawa jiwe juu na chini: kisiwe chembamba hata kimeguke, wala kinene hata kifiche uzito usioonekana. Vipimo hivi, alionya, havifanyi kazi kimoja kimoja. Taji na kitako ni mume na mke. Kosa la mmoja humlemea mwenzake.

Wazee wa hapa bado wanasimulia habari za shangazi mmoja aliyemleta mpwa wake kununua jiwe la pete ya uchumba. Shangazi huyo, mama wa mwili na sauti, alitaka jiwe zito kuliko yote trei nzima, akalishika na kukataa kuliachia. Bi Pembe akalipima, akalirudisha mezani.

"Shangazi, uzito wa hili umejificha kiunoni. Ukitazama kwa juu, ni dogo kuliko lile jepesi. Unanunua mkanda."

Shangazi akajitazama, akamtazama mpwa, akaangua kicheko kilichosikika hadi mapokezi. "Basi mwanangu, viuno tunavyo vya kutosha nyumbani. Chukua lile jepesi."

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Sasa tuingie katika mambo mengine.

Bi Pembe alikuta karakana ambamo mawe ya mashemeji wa msimamizi yalipita hata yakiwa yamepinda, na ya wasio na mtu yalirudishwa hata yakiwa timamu. Akapigana, na akashinda. Akaweka utaratibu ambao tumeuita kwa miaka yote hii hukumu ya kivuli. Jiwe humfikia ndani ya karatasi isiyo na jina la mkataji. Taa zote huzimwa. Jiwe hulazwa juu ya kitambaa cha kijivu kando ya dirisha, naye huliinamia hadi kivuli chake mwenyewe kilifunike, kwa sababu taa kali za dukani humpamba kila mtu, na jiwe lililokatwa vizuri huendelea kuishi hata kivulini. Na ili asijue nani ameketi wapi na nani anakata nini, mkadiriaji hashuki ukumbi wa wakataji. Haonekani huko. Hasalimii huko. Hata nyumbani, kama ana ndugu kazini, hawazungumzii kazi.

Naye alikuwa na ndugu kazini. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa mkataji, tuliyemwita Fundi Pole, kwa kuwa hakuwahi kuharakishwa na mtu yeyote duniani. Msimamizi alipomkemea kwamba anachelewa, alijibu kwa upole uleule: "Bosi, jiwe limekaa ardhini muda wote huo halikulalamika. Wewe dakika kumi tu?"

Tuliusifu utaratibu huo, makomredi. Tulistahili kuusifu. Ulivunja upendeleo, ukampa mnyonge mizani iliyo sawa. Lakini kila ngao ina upande usioona, na upande huo ndiko mkuki ulikopitia.

Uongozi uliagiza sahani mpya, yale magurudumu ya kusagia mawe. Sahani za zamani zilikuwa chuma kitupu kilichopakwa mafuta na unga wa almasi. Hizi mpya zilikuja na unga huo umegandishwa tayari ndani ya madini ya kobalti. Zilisaga haraka. Pia zilitoa vumbi la kijivu, jepesi kama pumzi, ambalo halikuonekana hewani ila lilionekana kwenye leso. Safu zilizo karibu na madirisha zilipata nafuu. Safu ya ukutani haikuwa na dirisha wala tundu. Wenzetu wa safu hiyo wakaanza kukohoa, na wakaanza kujifunza kukohoa kimya, kwa kuwa aliyekohoa mbele ya msimamizi aliambiwa akapumzike, na aliyekwenda kupumzika alikuta kiti chake kina mtu.

Huku juu, Bi Pembe akaanza kupokea mawe bapa. Vitako vya nyuzi thelathini na tisa. Thelathini na nane na nusu. Jiwe la namna hiyo ukilitazama kwa juu, utaona duara jeupe la kiuno limejirudia ndani yake, limekufa, mfano wa jicho la samaki wa juzi. Hakujua yanatoka safu ipi, na kwa mujibu wa utaratibu wake mwenyewe hakutakiwa kujua. Aliyaita mabaya, kama yalivyokuwa, akayarudisha. Msimamizi alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya ukumbi na kuitangaza hukumu kama mpiga mnada: "Bi Pembe kanena! Enyi wa ukutani, mnakata almasi au mnatengeneza vifungo vya shati?" Aliyerudishiwa mara kwa mara alipoteza kiti. Wanne walikipoteza mwaka ule. Mkono uliowaondoa ulikuwa wa msimamizi, lakini hukumu ilikuwa sahihi, imepimwa kivulini, na ilitoka kwa mtu wetu.

Aliyoyasema kuhusu Jumapili moja ya mwaka huo aliyasema hadharani, mbele ya mkutano wetu, kwa hiyo tunayarudia bila kuvunja siri ya nyumba ya mtu. Mdogo wake alikuwa amekwenda kumsalimu. Akamwekea chai mezani. Fundi Pole akaegemea nyuma, mbali na mvuke.

"We, sogea. Chai haiumi."

"Dada, nimezoea hivi."

Na akiwa ameegemea hivyo, akanyoosha shingo akakitazama kikombe kwa ubavu, kama mtu anayechungulia kisima asichokiamini, kisha akakifuata kwa mkono. Bi Pembe alituambia kilichomjia hapo. Aliona mbele yake kila jiwe bapa alilolirudisha.

Jumatatu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanzishe utaratibu wake: alishuka ukumbini. Waliokuwapo wanasema sahani ziliendelea kuzunguka lakini hakuna aliyesaga. Alipita safu za dirishani, akafika ukutani, akasimama. Safu nzima ilikuwa imeegemea nyuma. Kila mtu amenyoosha mikono na kukwepesha uso, kama watu waliopigwa picha wakikwepa moto. Mkataji hupaswa kuiinamia sahani na kulinganisha pembe ya jiwe kwa macho yaliyo juu yake. Anayekimbia vumbi hukaa nyuma, na anayekaa nyuma huiona pembe kwa ubavu, akaidhania imesimama ilhali imelala. Kosa lilikuwa lilelile kwa wote, upande uleule, kiasi kilekile. Uzembe hauna nidhamu ya namna hiyo, wandugu. Wazembe kumi hukosea kwa njia kumi. Hawa walikuwa wamekosea kwa njia moja, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa njia moja.

Alipanda moja kwa moja hadi ofisi ya meneja. Katibu wa ofisi, mwanachama wa chama chetu cha wafanyakazi, alisikia yote, kwa maana mlango ule haujawahi kufunga vizuri.

"Mama, kazi yako ni mawe," alisema meneja.

"Ndiyo. Na mawe yako yanakohoa."

"Mawe hayakohoi."

"Basi shuka usikilize."

Hakushuka. Alileta feni moja kubwa, iliyochukua vumbi la safu ya ukutani na kulisambaza kwa safu ya kati, na taarifa ya mwaka ikaliita jambo hilo uboreshaji wa mazingira ya kazi.

Hapa lazima tuseme ukweli juu yetu wenyewe, maana sifa isiyo na ukweli ni taa ya dukani. Wapo miongoni mwetu waliomwendea Bi Pembe wakamsihi: "Mama, tupitishie tu. Sema ni mazuri, watu wabaki na viti vyao." Lilikuwa ombi la huruma, na wengi wetu tungelikubali. Yeye alilikataa. "Nikisema jiwe ni zuri," alijibu, "nimesema na safu ni nzuri." Alichokifanya ni kingine: akaacha kuyarudisha. Kila jiwe bapa aliliweka kwenye trei juu ya kizingiti cha dirisha lake, akikataa kulipitisha liuzwe na akikataa kulirudisha limfukuzishe mtu. Uongozi ulipouliza, alisema mawe hayo yana mgonjwa, yanasubiri apone. Trei ikajaa. Akaongeza ya pili. Na kwa muda wa miezi kadhaa hakuna mtu wa ukutani aliyepoteza kiti kwa sababu ya jiwe.

Mmoja wao alikipoteza kwa sababu nyingine. Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, Fundi Pole alishindwa kupanda ngazi tatu za mlango wa mbele. Daktari alisema mapafu yamekakamaa, na kwamba aliwahi kuona mapafu ya aina hiyo kwa wasagaji wengine. Alilazwa. Hakuharakishwa na mtu hata huko. Alikwenda taratibu, siku baada ya siku, dada yake akimshikia kikombe. Tulimzika siku ya Jumatano. Kiti chake kilikuwa kimejazwa tangu Jumanne.

Bi Pembe aliporudi kutoka msibani alikuta kizingiti cha dirisha kitupu. Trei zote mbili zilikuwa zimeshushwa chumba cha wanunuzi, mawe yamepangwa juu ya mahameli nyeusi, taa kumi na mbili zikiyamulika. Na tusidanganyane: chini ya taa zile yalipendeza. Jiwe bapa lina ujanja wake. Kwa kuwa limelala, huonekana pana kuliko uzito wake, na taa ikilichoma moja kwa moja, humetameta kwa kelele. Walikuwapo kijana na mchumba wake, wameinamia jiwe moja, na meneja mwenyewe akiwahudumia. "Tazameni ukubwa wake," alikuwa akisema. "Kwa uzito huu hampati ukubwa huu popote."

Bi Pembe aliingia na nguo zake za msiba, asimsalimu mtu, akaenda ukutani, akazima taa.

"Tazameni sasa," akasema.

Kulikuwa na mwanga wa mchana tu, wa dirisha la pembeni. Binti akalisogeza jiwe, akalirudisha, akaweka mkono mdomoni. Lile duara jeupe lilikuwa limeibuka ndani yake na kumkodolea macho. Bi Pembe akalichukua, akaligeuza ubavu. Kiuno kilikuwa chembamba kama uzi, kimeng'arishwa mzunguko mzima bila hata kwaruzo, hakuna uzito uliofichwa mle hata wa punje. Katika karakana hii kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye subira ya kufanya hivyo kwa sehemu ambayo hakuna mnunuzi anayeitazama.

"Nani kalikata?" aliuliza binti.

"Mdogo wangu. Tumemzika juzi." Akalilaza juu ya mahameli. "Na ni baya, mwanangu. Kitako kimelala, usilinunue. Lakini kosa si lake."

Kijana na mchumba wake walitoka bila kununua, na wamerudi mara mbili tangu hapo, siyo dukani bali kwenye mikutano yetu. Meneja aliziwasha taa. Wiki iliyofuata, barua ya umri ikaandikwa.

Haya ndiyo maisha ya kazi ya Bi Pembe. Tungeweza kuongeza kwamba amefundisha wakadiriaji wanne ambao leo wanategemewa. Kwamba kwa miaka thelathini na miwili hakuna jiwe lililorudishwa na mnunuzi kwa madai kwamba alidanganywa. Kwamba ni yeye aliyefanikisha wasafishaji wa chumba cha asidi kupewa glavu, baada ya kumsalimia tajiri mwenye karakana kwa mkono wake mtupu wenye makovu ya asidi na kuung'ang'ania hadi tajiri akautazama. Uongozi umeandaa zawadi ya saa ya ukutani. Amewashukuru, akaomba itundikwe safu ya ukutani, ili wale waliopo wajue wamebakiwa na muda gani.

Maana safu ingalipo. Sahani ni zilezile, ukuta ni uleule, na wenzetu tisa wameketi pale sasa hivi unaposoma haya, wameegemea nyuma. Kuanzia mwezi ujao, kwa agizo la maandishi, hukumu ya kivuli inafutwa, na mawe yatakadiriwa chini ya taa za chumba cha wanunuzi, mbele ya meneja. Mnaelewa maana yake? Mawe ndiyo yalikuwa mashahidi wetu wa pekee ambao hawangeweza kutishwa wala kufukuzwa. Mtu anaweza kuficha kikohozi. Kitako cha jiwe hakiwezi kuficha nyuzi mbili. Wanaozima hukumu ya kivuli wanamziba shahidi mdomo, kisha watatuambia mahakama imenyamaza kwa kuwa hakuna kesi. Wakadiriaji wote wanne aliowafundisha Bi Pembe wamekwishatamka kwamba hawatakadiria jiwe lolote chini ya taa. Wamesimama peke yao hadi sasa. Je, sisi tutaegemea nyuma?

Bi Pembe, mama yetu na mwalimu wetu: ahsante kwa jicho lisilopokea rushwa hata ya huruma. Ahsante kwa kuuvunja utaratibu wako mwenyewe siku ulipogundua kwamba utaratibu huo unaficha watu. Tunakuombea asubuhi zenye hewa ya kuvutwa hadi mwisho wa kifua, dirisha lenye kivuli kizuri, na chai inayonywewa kwa kusogelea meza. Uliyoyapima yamepimika. Pumzika, zamu imepokewa.

Na ninyi wengine, zamu ni hii. Jumatatu inayofuata Ijumaa hiyo ya mwisho, saa moja kamili asubuhi, kabla sahani hazijawashwa, tunakutana ukumbi wa wakataji, safu ya ukutani. Dai ni moja: sahani za safu hiyo zisizunguke tena hadi vumbi linyonywe pale linapozaliwa, na mawe yahukumiwe kivulini. Bi Pembe hatakuwa mfanyakazi tena, kwa hiyo hakuna kanuni inayomzuia kushuka, na amesema atashuka. Atakaa kwenye kiti cha mdogo wake. Njooni mapema, msogee karibu.